Nahodha Asiyegusa Kompyuta

Kama wewe ni mkulima wa korosho wa Masasi au Newala, wajua vema kwamba fedha ya jasho lako siku hizi haihesabiwi tena mezani mbele ya macho yako. Korosho huletwa kwenye chama cha msingi, hupimwa, hupelekwa ghalani, huuzwa mnadani, kisha malipo huingia benki, na kutoka benki mara nyingi huhamia katika simu. Mpango wa stakabadhi ghalani ulianza huku kwetu mwaka 2007, na katika msimu wa 2024 hata mnada wenyewe uliingia katika kompyuta, kwa njia ya Soko la Bidhaa Tanzania, yaani TMX. Hatusemi kwamba jambo hili ni baya. Fedha ya mezani nayo ilikuwa na wezi wake, tena wengine walivaa tai. Ila mwizi wa zamani hakuwa na budi kupanda basi mpaka Masasi, kulala nyumba ya wageni, na kuonekana na watu. Mwizi wa leo aweza kukaa mji wowote, akangoja tu kusikia redioni kwamba mnada umekwisha.

Ndipo simu inapolia. "Mama, mimi ni mwalimu wa mwanao. Ameanguka, tuko naye hospitali, daktari anataka fedha sasa hivi." Je, mzazi gani atatulia akisikia hivyo? Mtoto yuko bweni, wala haruhusiwi kuwa na simu shuleni, kwa hiyo mama hawezi kumpigia mwenyewe. Na yule mtu anajua hivyo. Watu wengi katika Tanzania wamelizwa kwa njia hii. Wengine wamelizwa kwa ule ujumbe mfupi ambao kila mwenye simu amekwisha kuupata: ile hela tuma kwenye namba hii. Anayeutuma hakujui hata kidogo. Ameutuma kwa watu wengi kwa mara moja, akitumaini kwamba mmoja kati yao kweli alikuwa na hela ya kumtumia mtu siku ile ile.

Leo twataka kuzungumza nawe juu ya jambo ambalo huenda ukaliona liko mbali na korosho: klabu za wanafunzi wanaojifunza ulinzi wa mitandao ya kompyuta, na mashindano yao. Watu hudhani kwamba kazi hii ni ya kijana mmoja mwerevu aliyejifungia chumbani usiku, hazungumzi na mtu. Picha hiyo imetoka katika sinema. Ukweli ni kwamba mchezo huu hushindwa au hushindikana kwa sababu zile zile zinazofanya kwaya iimbe vizuri au chama cha msingi kivunjike.

BENDERA ISIYO KITAMBAA

Mashindano yaliyoenea zaidi yana jina la Kiingereza ambalo maana yake ni kunyakua bendera. Bendera yenyewe si kitambaa. Ni maneno machache au tarakimu zilizofichwa ndani ya kompyuta, au ndani ya picha, au ndani ya maandishi yaliyofumbwa. Kundi linaloipata huiandika mahali pake na kupewa maksi. Katika mkutano wa wadukuzi uitwao DEF CON, unaofanyika kila mwaka huko Las Vegas, Marekani, mchezo huu umechezwa tangu mwaka 1996, na leo huchezwa hata na watoto wa sekondari.

Chukua kalamu na karatasi, tufanye mfano. Inasimuliwa kwamba Julius Caesar, mtawala wa Roma, alipotaka kuandika siri alisogeza kila herufi nafasi tatu mbele: A ikaandikwa D, B ikaandikwa E, na kuendelea hivyo. Tuseme wanafunzi watatu wamepewa neno hili: NRURVKR. Hawakuambiwa herufi zimesogezwa nafasi ngapi. Wameambiwa tu kwamba neno ni la Kiswahili, na kwamba zimetumika herufi zote 26 za alfabeti ya Kiingereza.

Wa kwanza ni hodari wa hesabu. Mara anaona kwamba R imetokea mara tatu. Tena anajua kwamba katika maandishi ya Kiswahili hapana herufi inayotokea mara nyingi kama A. Basi R ni A! Anarudisha kila herufi nafasi 17, anapata WADAETA. "Nimelipata!" Neno lina sura ya Kiswahili kabisa, linaanza kwa wa- kama maneno yetu mengi, na kama angalikuwa peke yake angaliliandika na kuikosa bendera. Lakini mwenzake, ambaye hesabu humshinda ila hupenda kusoma vitabu, anamwuliza, "Kudaeta ni kufanya nini?" Kimya. Wa tatu anasema, haya, tujaribu irabu nyingine. Wanaifanya R kuwa I, wanapata EILIMBI, ambalo lafanana na jina la kijiji kisichokuwako. Wanaifanya O, na neno linafunguka: KOROSHO.

Tazama, msomaji, hesabu ya kijana yule wa kwanza haikuwa ya kijinga. Ilikuwa na akili nyingi. Iliyokosekana ni sauti ya pili ya kuiuliza, na bahati yake sauti hiyo ilikuwa karibu, tena haikuona haya kuuliza.

NAHODHA

Yako mashindano ya namna nyingine, nayo kwa maoni yetu ndiyo yanayofundisha uongozi hasa. Mwaka 2005 Chuo Kikuu cha Texas kilichoko San Antonio kilianzisha mashindano ya vyuo ya kulinda, si ya kushambulia. Kila kundi la wanafunzi 8 hukabidhiwa mtandao wa kampuni ya kubuni. Kampuni ina barua pepe, ina duka la mtandaoni, ina orodha za wateja, na ina milango kadhaa iliyoachwa wazi na waliotangulia. Mabingwa wa udukuzi, wanaoitwa kikosi chekundu, huwashambulia tangu mwanzo mpaka mwisho. Na katikati ya mapigano hayo watu wanaojifanya wakubwa wa kampuni huleta amri: wafungulieni wafanyakazi wapya akaunti zao, andikeni taarifa, elezeni kwa nini barua pepe zilisimama asubuhi.

Labda utasema, si wazime kila kitu, adui asipate pa kuingilia? Hapana. Huduma ikisimama, maksi hupungua. Mwenye duka anayefunga duka mwaka mzima kwa kuogopa wezi hataibiwa, lakini watoto wake watalala njaa.

Sasa fikiri hali ya chumba kile. Kijana mmoja anaona neno la siri la seva ni dhaifu, analibadilisha. Amefanya vema. Lakini hakumwambia mtu. Dakika tano baadaye mwenzake anajaribu kuingia, anakataliwa, anajaribu tena, anakataliwa, anapiga kelele kwamba seva imetekwa. Wa tatu, kwa hofu, anachomoa waya. Duka la kampuni limefungwa, wateja wanalalamika, maksi zinapotea, na adui bado hajafanya lolote. Katika michezo hii mikasa ya namna hiyo si ya ajabu hata kidogo.

Ndiyo maana makundi yenye busara humchagua nahodha ambaye, shambulio likianza, haigusi kompyuta kabisa au huigusa kwa nadra. Husimama nyuma ya wenzake. Ubaoni ameandika nani anafanya nini, ameanza saa ngapi, neno gani la siri limebadilishwa na nani, na amri ipi ya wakubwa haijajibiwa. Akiona mtu amekwama nusu saa nzima juu ya kazi moja, humgusa bega: mwachie mwenzako, kanywe maji, urudi. Wawili wakibishana, huwasikiliza kwa muda mfupi kisha hukata shauri, na shauri likiwa baya hulibeba yeye mwenyewe, halitupii kundi. Kazi hii haina sifa nyingi. Baba yake kijana yule akija kutazama, atauliza kwa nini wenzake wanachapa kwa bidii na mwanawe amesimama tu kama msimamizi wa barabara.

Kosa lililo rahisi kufanywa ni kumchagua nahodha kama tunavyomsifu mfungaji wa mabao. Anayejua kompyuta kuliko wote apewa uongozi, na hapo kundi hupata hasara mara mbili: limempoteza fundi wake bora, maana sasa anashughulika na ubao, nalo limepata kiongozi asiye na subira na polepole ya wengine. Wako wachache wenye vipawa vyote viwili. Wakipatikana, shukuruni. Wasipopatikana, mwacheni fundi afanye ufundi wake, na ubao mpeni yule msichana anayekumbuka kila kitu na asiyepandisha sauti.

Vijana wa Chuo Kikuu cha Central Florida walitwaa ubingwa wa Marekani katika mashindano haya mara tatu mfululizo, 2014, 2015 na 2016. Wanafunzi huhitimu na kuondoka, kwa hiyo ushindi wa namna hiyo hauwezi kuwa wa mtoto mmoja wa ajabu. Lazima kuna jambo ambalo wakubwa waliwaachia wadogo. Hata klabu ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ambayo jina lake la mzaha ni Plaid Parliament of Pwning, haikuona aibu mwaka 2022 kuungana na klabu ya Chuo Kikuu cha British Columbia, Canada, na kundi jingine tena, ili kushindana pamoja kule DEF CON. Nao walishinda. Mabingwa wa miaka mingi walikubali kucheza chini ya jina lisilo lao, jambo ambalo vyama vyetu vya mpira vingalipasuka kabla ya kulikubali.

PRINTA ILIYONYAMAZA

Pengine wafikiri kwamba haya ni michezo ya watoto. Basi sikiliza habari ya Benki Kuu ya Bangladesh, ambayo haikuwa mchezo.

Usiku wa Alhamisi tarehe 4 Februari 2016 wezi walioingia katika kompyuta za benki hiyo walituma amri 35 kwa benki kuu ya Marekani kule New York, ambako Bangladesh iliweka fedha zake. Amri hizo kwa jumla zilidai dola karibu milioni 951. Katika benki ile ilikuwapo printa iliyochapa habari za kila malipo, usiku na mchana. Wezi waliinyamazisha. Ijumaa asubuhi wafanyakazi waliikuta haifanyi kazi, na kwa kuwa printa huharibika, na kwa kuwa Ijumaa kule ni siku ya mapumziko, waliona ni hitilafu ya kawaida, ishughulikiwe kesho. Walipoiwasha tena Jumamosi, karatasi zilianza kutoka: New York wanauliza juu ya amri hizi kubwa kubwa. Wakapiga simu New York. Lakini kule sasa ilikuwa Jumamosi, ofisi zimefungwa. Na Jumatatu tarehe 8 ilikuwa sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina, mabenki ya Ufilipino, ambako sehemu ya fedha ilikuwa imekwenda, yalikuwa yamefungwa pia. Wezi walikuwa wamesoma kalenda za nchi tatu.

Dola milioni 81 zilipotea Ufilipino, na sehemu ndogo tu ilirudishwa baadaye. Nyingine milioni 20 zilikuwa njiani kwenda Sri Lanka, nazo ziliokolewa. Kwa nini? Jina la mpokeaji lilikuwa na neno la Kiingereza la taasisi, ambalo wezi waliliandika "fandation" badala ya "foundation". Mtu katika benki iliyokuwa katikati ya njia, Deutsche Bank, aliliona kosa hilo la herufi, akauliza. Hakuwa ameona mwizi. Ameona neno limeandikwa vibaya, akasimamisha malipo mpaka ajibiwe.

Weka watu hawa wawili mbele yako, yule aliyeiona printa imekufa na yule aliyeliona neno limekosewa. Wote waliona jambo dogo. Hatupendi kumlaumu wa kwanza kupita kiasi, maana ni nani kati yetu atakayemwamsha mkubwa wake siku ya mapumziko kwa sababu ya printa? Yategemea mkubwa ni mtu wa namna gani. Kama mwaka jana ulimwamsha kwa jambo lililokuwa si kitu naye akakutukana mbele ya wenzako, mwaka huu utaiacha printa mpaka kesho. Kiongozi wa klabu ya wanafunzi ana nafasi ya kujifunza jambo hili akiwa na miaka 16, wakati hasara yake ni maksi tu. Mwanachama mpya wa kidato cha kwanza akisema, "Samahani dada, naona taa hii inawaka kwa namna isiyo ya kawaida," yule dada atamjibu nini? Katika jibu lile kuna benki nzima.

Iko pia habari ya zamani zaidi. Mnamo Novemba 1988 mwanafunzi mmoja wa Marekani aliachia programu iliyojizalisha yenyewe, ikaenea na kuzilemea maelfu ya kompyuta katika intaneti changa ya siku zile. Mafundi wa vyuo mbalimbali walikesha wakitafuta dawa, nao waliipata upesi. Shida ikawa kuwafikishia wengine, kwani wengi walikuwa wamekwisha kujitenga na mtandao kwa hofu, na barua pepe hazikuwafikia. Dawa iko, mgonjwa yuko, njia hakuna. Mwezi ule ule kikaanzishwa Carnegie Mellon kituo cha kupokea na kueneza habari za hatari kama hizo, na leo nchi nyingi zina kituo cha namna hiyo. Tanzania nayo inacho, kiitwacho TZ-CERT, chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA.

MAJI YA BONDENI

Hapa turudi nyumbani kidogo. Wenyeji wa Newala na wazee wa Masasi hawana haja ya kufundishwa na Texas maana ya ulinzi. Mji wa wamisheni wa Masasi ulioanzishwa mwaka 1876 ulivamiwa na Wangoni, ambao huku waliitwa Magwangwara, mwaka 1882. Watu waliuawa na wengine wakachukuliwa mateka, na kazi ya misheni ikahamia Newala kwa muda. Na kwa nini Wamakonde walikaa juu kule kwenye uwanda, katika vichaka vizito, mahali ambapo maji hayapatikani na wanawake sharti washuke bondeni na kupanda tena na mitungi kichwani? Wanahistoria wengi husema ni kwa sababu ya usalama. Mvamizi hakupenda kupigana vichakani bila maji.

Ulinzi, basi, ulilipwa kwa miguu ya akina mama kila siku. Twalitaja jambo hili kwa kuwa vijana wa kompyuta husahau upesi kwamba kila kufuli lina gharama, na kwamba mara nyingi anayeamua kufuli liwekwe siye anayeilipa gharama. Mwanafunzi ataka kila karani wa chama cha msingi awe na neno la siri la herufi 20, libadilishwe kila mwezi. Vizuri. Karani naye, mwenye foleni ya wakulima jua linawaka, ataliandika kwenye karatasi na kulibandika ukutani. Klabu njema humwuliza karani kabla ya kumwekea sheria.

KLABU YENYEWE

Je, shule ya huku kwetu yaweza kuwa na klabu kama hii? Twajua pingamizi zote. Kompyuta ni chache, umeme hukatika, simu haziruhusiwi. Na mtandao wenyewe si wa kutumainiwa kila siku: mwezi wa Mei 2024, kimbunga Hidaya na mvua zake kiliikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam, na siku chache baadaye nyaya za baharini zikakatika, intaneti ikazorota katika Afrika ya Mashariki. Sisi wa kusini tulikosa barabara ya lami na barabara ya habari katika mwezi mmoja.

Lakini neno NRURVKR halikuhitaji umeme. Sehemu kubwa ya kazi ya klabu yaweza kufanyika ubaoni: mafumbo ya herufi, kusoma ujumbe wa matapeli na kuuchambua, kufanya zoezi la shambulio kwa maneno tu. Katika zoezi hilo mwalimu husema, "Ni saa nne. Karani anasema fedha za wakulima 40 zimeandikwa kwenye akaunti moja. Fanyeni." Kisha anyamaze, atazame. Atamwona upesi anayekimbilia kulaumu, anayejificha, na anayeuliza ni nani mwingine aliyeambiwa habari hii. Wawepo mwandishi wa kuandika kila lililojaribiwa hata likishindikana, mtunza saa, na nahodha. Na nahodha abadilishwe kila muhula, ili wengi waionje kazi ile isiyo na sifa, wajue kumtii anayeifanya. Waliotoka jando moja huku kwetu hujuana na kusaidiana mpaka uzeeni. Hakuna sababu klabu isifanye vivyo hivyo, tena ikiwa na wasichana na wavulana pamoja. Jirani zetu wa Kenya wana jumuiya ya wanawake wa kazi hii, SheHacks, na haikosi wenye kuisikiliza.

Jambo moja lisemwe wazi, wala lisifunikwe kwa mzaha. Anayejifunza jinsi mlango unavyovunjwa atajaribiwa kuvunja mlango. Kijana ataona aibu mbele ya wenzake akikataa kuingia katika orodha ya maksi za shule "kwa kutazama tu". Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 haijui kutazama tu: kuingia katika kompyuta ya mtu bila haki ni kosa, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 3, au kifungo kisichopungua mwaka 1, au vyote viwili. Ndiyo maana mashindano hutoa mashine zake zenyewe za kuvunjwa. Na hapa uongozi wa nahodha hupimwa kuliko mahali pengine popote, kwa sababu mwalimu hatakuwapo usiku ule bwenini, bali nahodha atakuwapo. Akicheka, imekwisha. Akisema, "Hapana, hapo si petu," na kesho yake akamfungulia yule mwenye kiu fumbo gumu la halali, huenda amemwokoa.

Kuna na kazi ya kuwafaa wazazi, ambayo twaipenda kuliko vikombe vyote. Kabla ya msimu wa korosho klabu iwaombe wazazi ujumbe wa kitapeli walioupata, iunakili daftarini bila jina wala namba ya aliyeuleta, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda habari za watu, na heshima pia. Iwaonyeshe wazee wanaotaka jinsi ya kubonyeza *106# na kutazama ni namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chao. Iwaeleze kwamba ujumbe wa tapeli, pamoja na namba iliyoutuma, hupelekwa kwa namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano. Na kwa ruhusa ya mkuu wa shule, siku ya kikao cha wazazi kila mzazi aandikiwe kwenye karatasi namba mbili za shule, ya mkuu na ya matroni au patroni, aiweke ndani ya Biblia au Kurani au ndani ya kibweta cha vitambulisho, mahali asipopoteza. Yule "mwalimu" wa hospitali akipiga, mama akate simu na aipige namba ya kwenye karatasi. Anayepokea naye awe ameambiwa kwamba kuulizwa usiku si usumbufu.

Kwa vijana wanaotaka kushindana, milango iko. Mamlaka ya Mawasiliano imekuwa ikihimiza klabu za kidijiti mashuleni na vyuoni, na mwalimu aweza kuomba shule yake iingizwe. Chuo Kikuu cha Dodoma kina shahada ya ulinzi wa mitandao, na wanafunzi wake wanaorudi likizo Masasi, Nachingwea na Newala wangeweza kuombwa kuja jioni moja. Ndivyo walivyofanya wale wa Carnegie Mellon mwaka 2013, walipotunga mafumbo kwa ajili ya wadogo zao wa sekondari, wakayaita picoCTF. Mashindano hayo sasa yana sehemu yake ya Afrika, inayoendeshwa na tawi la chuo hicho lililoko Kigali, Rwanda. Mwezi wa Juni 2022 Afrika ilipeleka kundi lake Athens, Ugiriki, kwenye mashindano ya kwanza ya mabara. Ulaya ndiyo iliyoshinda, lakini vijana wetu walikuwapo ukumbini.

Mafumbo ya picoCTF hayana kiingilio. Anayetimiza miaka 13 aweza kujiandikisha, na katika miaka ya karibuni mashindano makubwa yamekuwa yakifanyika mwezi wa Machi, lakini mafumbo ya miaka iliyopita hubaki wazi mwaka mzima kwa mazoezi. Mwalimu mwenye kompyuta moja tu aweza kuyanakili machache siku mtandao unapokuwa mzuri, na kuyagawa kwa karatasi Ijumaa mchana, wanafunzi wanne wanne.